Bei ya Bastola ya Baba

Jumapili, 3 Oktoba 1971

Nimekuta bastola kwenye sanduku la baba.

Naandika hivyo tu, wazi, maana toka asubuhi sina pa kulisema. Baba alikuwa kanisani, mimi nimebaki na mafua, nikaona nifungue lile sanduku lake la bati nitie dawa ya mende. Chini ya koti lake la harusi kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kipande cha turubai, kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikadhani nyundo. Nikafungua — mdomo wa bunduki ukanitazama. Bunduki fupi ya mkononi, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa.

Nimeilaza kitandani kwa baba, nikakaa mlangoni, namwangalia huyo mgeni asiyeeleweka.

Baba aliporudi hakushtuka hata kidogo. Alivua kofia, akasema nisiiguse, imelala. Imelala toka lini? Toka hujaacha kunyonya, akasema. Ati alipewa na Mjerumani wa boma la Kilosa, Waingereza wanaingia, Mjerumani anakimbia. Basi. Akaomba chai.

Nimepiga hesabu. Waingereza wanaingia Kilosa baba alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi. Mjerumani gani anamwachia bastola mchunga mbuzi? Na mimi nilikuwa nanyonya miaka mingi baadaye!

Jumatatu, 4 Oktoba

Sikushona kitu. Nimemwambia baba hiki kitu hakikai ndani ya nyumba yangu. Akasema basi kiuzwe, tununue mabati. Kasema kwa mzaha, lakini neno limenikaa. Paa letu la nyasi limechoka, na nimepokea kazi kubwa kuliko zote toka nianze cherehani: sketi za kijani za watoto wa shule, watakaocheza ngoma sherehe ya miaka kumi ya Uhuru. Vitambaa vyote vimepangwa chumbani kwangu. Mvua ikianza mapema, mimi nimekwisha.

Lakini bastola kuukuu inauzwa bei gani? Nani ajuaye? Nikimwuliza balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Generoza, kufika magharibi Mikumi nzima itakuwa inajua. Nimemkumbuka Ndugu Filipo, yule anayetunza bunduki za askari wa wanyama pale kwenye kituo cha hifadhi. Nawashonea kaptula zao. Ni mtu wa maneno machache. Kesho nitampelekea salamu kwamba kaptula zake ziko tayari. Haziko tayari.

Jumatano, 6 Oktoba

Amekuja. Alimwamkia baba shikamoo, akaomba maji, akanawa mikono kabla ya kuishika bastola, kama anayepokea mtoto mchanga. Akaikunja katikati — inakunjika, sikujua — akatazama ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga wa mlango. Tupu. Nikapumua.

Alisema ni bastola ya Kiingereza. Maafisa walikuwa nazo alipokuwa jeshini enzi za mkoloni. (Kwa hiyo yule Mjerumani wa baba tumzike.) Nikauliza bei. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Kama chombo cha kazi, alisema, haina bei. Risasi zake hazipatikani, springi imechoka. Chuma. Ila kuna watu wanaokusanya vitu vya namna hii waviweke kabatini. Kwa watu hao bei inakwenda kinyume: chombo kikizeeka, ndiyo kinapanda.

Baba akapenda sana. Akasema basi na yeye akadiriwe.

Ndugu Filipo alicheka bila sauti, mabega tu. Anamjua injinia mmoja pale Kidatu kwenye bwawa la umeme, Mswidi, Bwana Henriksson, amekuwa akiwauliza askari kama wanajua bunduki za zamani. Lakini kwanza polisi. Bila kibali, alisema, hata kuitazama ni kosa, na sisi tumeshaitazama saa nzima.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kilosa, kwenda na kurudi. Nimechoka lakini sijacheka hivi siku nyingi.

Ndugu Filipo aliomba ruhusa kazini atusindikize. Bastola alikuwa nayo yeye kwenye mfuko wa kitambaa, amefunga vizuri. Basi likatuharibikia kijiji cha Ulaya. Abiria wote tukashuka, tukakaa kivulini. Baba akaanza kumtangazia kila mtu kwamba amefika Ulaya na hakuna aliyemwomba pasipoti. Mama mmoja wa pale akamjibu, karibu Ulaya mzee, ila huku kwetu baridi tumeishiwa. Nikamkanyaga baba mguu asije akafika kwenye habari ya bastola.

Polisi, inspekta ni kijana, mpole. Aliuliza mzee ameipataje. Baba, bila kupepesa: aliikuta shambani Mvumi akilima. Nikamtazama baba. Ndugu Filipo akatazama dari. Inspekta akaigeuza, akanusa mafuta yake, akasema shamba hilo lina udongo mzuri, halishikishi kutu. Kisha akaandika "imeokotwa", akaacha hapo.

Uamuzi: hairudi nyumbani. Itafungiwa stoo ya bunduki pale kituoni kwa Ndugu Filipo, mpaka ipate mnunuzi mwenye kibali. Mwisho wa Desemba. Isipopata mtu, ni mali ya serikali.

Kurudi, Ndugu Filipo alitununulia mahindi ya kuchoma. Bastola mapajani kwake, na kikapu changu pia mapajani kwake. Kikapu hakikuwa kizito. Sijui kwa nini hakukirudisha.

Jumapili, 17 Oktoba

Ndugu Filipo alikuja baada ya kanisa kuripoti. Ndivyo alivyosema: "Nimekuja kuripoti hali ya bastola." Amevaa shati jeupe.

Ripoti yenyewe: namba. Mtutu una namba, fremu ina namba, kile kipipa kinachozunguka cha kutilia risasi nacho kina namba, na zote ni moja. Maana yake haikuunganishwa kwa vipande vya bastola nyingine. Imetoka kiwandani hivi hivi na kufika hapa hivi hivi. Wakusanyaji wanataka hivyo.

Baba amemfanya mtani. Ndugu Filipo kwao ni Vidunda, mlimani, basi baba anasema watu wa Vidunda hawawezi kutembea sehemu tambarare, mguu mmoja ni mfupi. Ndugu Filipo akainuka, akatembea ua mzima akichechemea, uso mkavu kabisa. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Ni Mkatoliki. Mke wake alifariki mwaka ule mmoja na Onesphory, mume wangu. Hilo sikumwuliza, alilitaja mwenyewe, akihesabu miaka ya miwani yake.

Jumapili, 24 Oktoba

Ripoti: chini ya mpini kuna kipete cha kufungia kamba, na kipo. Nyingi kimevunjika. Bei inapanda kidogo.

Alikaa mpaka kuku wameingia bandani.

Mama Generoza alipita, akasalimu, akaketi bila kukaribishwa. Ndugu wa wanyama ana habari gani kila Jumapili? Nikasema ni mambo ya kaptula. Akatazama shati jeupe, akasema kaptula za askari siku hizi zinachukua muda.

Jumamosi, 30 Oktoba

Leo mzungu ameiona. Tulikwenda kituoni, mimi na baba, kwa miguu mpaka barabara kuu, kisha Landrova ya askari ikatubeba. Twiga wawili kando ya barabara. Baba akawaamkia shikamoo.

Bwana Henriksson ni mrefu, mwekundu, Kiswahili chake kinatembea polepole lakini kinafika. Aliishika bastola kwa kitambaa, asiiguse kwa vidole. Alikaa nayo muda mrefu kuliko tunavyokaa na mgonjwa. Alitupangia anavyokadiria, naandika nisisahau. Anaanza na aina: hii si adimu sana, si ya kawaida sana. Halafu kama vipande vyote ni vya kwake — ndiyo. Halafu mtutu ndani — una mikwaruzo, lakini mistari yake iko hai. Halafu rangi. Ile bluu nyeusi ya kiwandani bado imeshika pande nyingi, na hiyo ndiyo anayoipenda kuliko vyote. Ukiikwaruza haitengenezeki tena.

Kwa hayo alitaja shilingi mia tatu. Nusu ya paa langu!

Kisha akamgeukia baba. Bastola nyingi mimi naona, akasema. Bastola yenye mtu nyuma yake, kidogo sana. Bastola hii ya nani, mzee? Ilifanya nini? Kama hadithi ni ya kweli, anaweza kutoa mara mbili.

Baba akakohoa vizuri, akaanza. Kulikuwa na nyati. Bwana mmoja Mgiriki wa shamba la mkonge, nyati amembana kwenye mti, baba akatokea na panga... Ilikuwa nzuri. Nyati alikuwa na pembe moja. Askari walioko nje wakaja dirishani kusikiliza. Bwana Henriksson alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akasema hadithi ni nzuri sana, sasa anaomba ile ya kweli. Baba akasema atafikiri.

Atarudi Jumamosi.

Njiani nilikuwa na hasira. Tatu sasa! Mjerumani, jembe, nyati. Nikamwuliza baba anaficha nini. Akasema ameona nyani.

Jumatano, 3 Novemba

Baba amekwenda kituoni peke yake "kuisalimu". Amerudi na furaha, mikono inanuka limau. Haniambii.

Jumamosi, 6 Novemba

Eti limau na majivu.

Baba alimwomba Ndugu Filipo aishike kidogo tu. Ndugu Filipo akampa, akaitwa nje, kuna gari la wageni limekwama. Baba alikuwa amekuja na limau mfukoni na majivu kwenye karatasi. Amesugua ubavu mmoja mzima. Ukiiona kushoto ni bastola kuukuu nyeusi. Kulia inang'aa kama kijiko cha harusi. Alitaka kumfurahisha mzungu.

Bwana Henriksson alipoigeuza, alitafuta pa kukaa akakosa, akakaa kwenye debe. Nani amefanya? Mimi, baba akasema kwa fahari, na upande wa pili nilikosa limau. Hapo Ndugu Filipo akasimama wima kama yuko gwaride. Akasema kosa ni lake, funguo ni zake, mzee alifanya kwa nia njema, na kama bei imeshuka ataifidia yeye kwa mshahara wake.

Yule mzungu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na sisi wote. Bei imeshuka mpaka mia mbili. Lakini hajaondoka. Bado anataka hadithi. Ya kweli ikipatikana, alisema, hata ubavu ule ataupenda. Anarudi kwao kabla ya Krismasi. Atakuja mara ya mwisho Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kibali anacho tayari.

Nilimsindikiza Ndugu Filipo mpaka mlango wa stoo yake. Nikamwambia asitulipe kitu, asiwaze. Akasema yeye hakuwa anawaza mshahara, alikuwa anawaza kwamba sasa sitamwamini na vitu vyetu. Nikasema nakuamini. Sikujua ninajibu swali gani hasa, lakini nilijibu.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua imekuja. Mchana, ghafla, na upepo. Paa limefungua mdomo pale pale juu ya sketi. Mimi na baba tukahamisha vitambaa vyote kwenye kitanda chake, ndiko kukavu, tukaweka sufuria, ndoo, karai, mpaka bakuli la uji. Sketi zilizolowa ni chache, rangi haikutoka. Mungu ni mwema.

Tukakaa juu ya vitambaa kama kuku wanaotaga, tunasikiliza matone. Nikasema, bila hasira, baba, mabati yangu yamekaa ndani ya mdomo wako. Alisogeza ndoo kwa mguu. Kisha akasimulia, na safari hii hakukohoa kwanza.

Alikuwa mpishi wa Mgiriki, shamba la mkonge upande wa Kimamba. Hilo la Mgiriki ni kweli. Mkonge ukaanguka bei. Bwana akawaondoa vibarua, akauza lori, akaacha kula. Akawa anakaa mezani mchana kutwa, na bastola mezani, karibu na sahani. Haongei. Baba anaondoa sahani imejaa, anaiacha bastola. Siku moja bwana amekwenda kunawa uso, bibi akaingia, akaishika kwa ncha ya kitambaa cha meza, akamtilia baba mikononi. Alisema maneno mawili kwa Kiswahili chake: "Chukua. Usiniambie." Hakutaka kujua itakwenda wapi, asije akaulizwa akasema.

Baba aliitia kwenye sufuria, chini ya maganda ya viazi, akatoka nayo. Jioni bwana alitafuta kila droo. Hakumwuliza mtu. Kesho yake alitafuta tena, nusu tu. Siku ya tatu akaomba supu.

Wakaishi hapo miaka mingine mingi. Walipofunga mizigo kurudi kwao, bwana amezeeka, aliwaaga wafanyakazi mmoja mmoja. Alipofika kwa baba akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema: "Yeremia, asante kwa kile ulichoniibia."

Nikamwuliza baba kwa nini hakusema siku zote. Akasema mtu akisikia Mwafrika, nyumba ya mzungu, bastola imepotea — atasikia neno moja tu katika hadithi yote. Hata inspekta angelisikia. Na tena bibi alisema usiniambie. Yeye aliona hilo ni kwa mtu yeyote, si kwa bibi peke yake.

Ndoo ilijaa, nikaenda kuimwaga. Nilisimama mvuani kidogo.

Jumapili, 14 Novemba

Filipo alikuja kwenye matope, viatu mkononi. Ripoti hakuwa nayo. Alitazama paa, akaomba ngazi, akapanda na shati lake jeupe, akarudisha nyasi pale palipofunguka na kuzikaza kwa waya. Baba alimshikia ngazi huku anamwambia watu wa Vidunda wamezoea juu.

Baba mwenyewe alisema nimweleze. Nikamweleza, tukiwa tumekaa barazani, cherehani katikati yetu. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Kisha alisema jeshini alifundishwa kuhesabu bunduki imefanya kazi gani. Hii kazi yake kubwa ni siku ile haikufanya kitu. Nimekadiria kutu na namba, alisema, nikasahau kukadiria hilo.

Mzungu akisikia atatoa mara mbili, nikasema. Akasema ndiyo. Halafu akasema: lakini hilo ni la mzee kuamua, si letu.

"Letu." Nimeliandika ili nilione.

Jumapili, 21 Novemba

Hakuja.

Ukanda wa sketi, zipu, pindo. Ukanda, zipu, pindo. Baba anasema mbona nakanyaga cherehani kama namfukuza mtu.

Jumatano, 24 Novemba

Askari mmoja kaleta kaptula. Nikauliza, kama nauliza hali ya hewa. Filipo amechukua likizo, amekwenda kwao Vidunda. Dada yake mkubwa kamwita, au yeye ndiye aliyemfuata dada, askari hakumbuki. Funguo kamwachia mwenzake.

Basi. Mtu ana kwao.

Jumapili, 28 Novemba

Hakuja tena. Mama Generoza ameketi mahali pake, makusudi kabisa, akala karanga zote nilizomwekea Filipo. Ati, bastola imepona, haina haja ya ripoti? Kumbe alijua toka mwanzo! Na hakumwambia mtu. Nimemdhulumu mama wa watu moyoni mwezi mzima. Nimemwongezea chai.

Baba ameamua. Akiulizwa, atasema kweli. Si kwa ajili ya bei, anasema. Bibi yule sasa lazima ameshatangulia, na bwana pia, na yeye hataki kwenda nayo. Nikamwambia na asiposadikiwa? Akasema basi atamrudishia nyati.

Sketi zimekwisha! Zimekunjwa, zimefungwa. Mwalimu atazichukua Jumatatu. Mvua na inyeshe sasa inavyotaka.

Jumamosi, 4 Desemba

Naandika jikoni, daftari juu ya kinu, maji hayajachemka.

Bwana Henriksson alifika saa nne, na bastola imeletwa na yule mwenzake Filipo, ndani ya boksi lenye kufuli, na karatasi za polisi. Wameketi barazani. Mzungu hakuuliza bei, aliuliza kwanza hadithi. Nilijifanya kutafuta majani ya chai nikasimama nyuma ya mlango.

Baba aliisimulia vile vile. Sahani. Kitambaa cha meza. Maganda ya viazi. Hakuongeza hata nyati mdogo. Alipofika kwenye yale maneno ya kuagana alisimama, akayasema, akaketi.

Kwenye upenyo nilimwona mzungu anaiweka bastola chini, polepole, ubavu unaong'aa juu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake: "Mzee, sasa mimi sijui bei." Akasema alikuja na mia sita kwenye bahasha, na anaona haya kuitoa. Je, mzee anataka kweli iondoke? Baba akasema ilikuwa inafichwa ili isimfikie mtu mwenye huzuni. Ikikaa kwenye kabati la kioo, imefungwa, bila risasi, na mwenyewe anacheka kama yeye alivyocheka siku ile ya limau, kazi yake itakuwa ile ile. Bei asimwulize yeye. Amwulize mwenye nyumba, kwa kuwa paa ni lake.

Nilikuwa najiandaa kutoka. Nimeshika trei. Nikasikia hodi.

Filipo. Nimechungulia penye upenyo wa mlango. Amevaa koti, na jua hili! Viatu vimepakwa rangi. Nyuma yake mwanamke wa makamo, mnene, kitenge kipya, kuku chini ya kwapa. Hakusubiri kukaribishwa mara ya pili. Alisema yeye ni Hildegarda, dada mkubwa wa huyu, wametembea toka alfajiri kushuka mlima mpaka lilipo gari, na kwamba mdogo wake toka Oktoba anakwenda nyumba moja kila Jumapili kukagua bastola, na ukoo umeona sasa ni heri waje wakague vizuri. Baba alikuwa anacheka kabla hajamaliza. Akawaambia karibuni, karibuni, kaeni, huyu ni mgeni wetu, injinia, hana neno. Yule mzungu kainuka kumpa dada kiti, kuku kamparamia.

Filipo anatazama mlango wa jikoni. Nadhani anaona kanga yangu kwenye upenyo.

Na sasa hivi baba ameita, kwa sauti ya kumsikilizisha Mama Generoza kule ng'ambo ya barabara:

"Yunis! Njoo, mama. Huyu bwana anataka umtajie bei. Na huyu dada ametoka mbali, anataka neno lako. Unaanza na lipi?"

Vikombe vyangu ni vitano na wao wameshakuwa watano, na mimi. Nimeosha bakuli la uji, nitanywea hilo. Nimejifunga kanga ile nyingine. Nimefuta majivu puani.

Maji yamechemka. Naongeza sukari kwanza.